Perez Adongo Asema Mbele ya Ukoo

Ukifika soko la Kombewa siku isiyo ya gulio, utamkuta Perez Adongo kwenye baraza ya duka lake la ushonaji, futi ya kupimia imening'inia shingoni, miguu ikikanyaga cherehani. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo lazima umsogelee ndipo uisikie. Ukimwona hutadhani kwamba wako wazee wazima, wenye bakora na heshima zao, wanaobadilisha njia wakimwona anakuja.

Ninamjua kwa sababu tumeolewa boma moja. Mimi ni Jacinta Nabwire, nimetoka Samia. Mume wangu anaitwa Okello, na mume wa Perez alikuwa Owiti, kaka yake mkubwa. Perez huniita nyieka, yaani mke mwenzangu, kama wanawake wa boma moja wanavyoitana huku. Kuna wakati alikaribia kuwa mke mwenzangu kweli kweli. Hadithi hii ni yake, lakini nitasema na sehemu yangu, maana mwanzoni sikuwa mtu mzuri ndani yake.

Owiti aliugua figo. Alilazwa Kisumu miezi mitano, na Perez akakaa naye huko, akilala kwa binamu yake mtaa wa Nyalenda na kushinda wodini. Kila Jumanne walikuja wanawake wa kanisa moja dogo na chupa za uji. Kiongozi wao alikuwa Mama Naswa, Mbukusu mnene anayeuza nguo za mitumba soko la Kibuye. Mama Naswa hakuanza kwa kuhubiri. Alichukua shuka za Owiti zilizochafuka, akaenda nazo bombani, akazifua. Alifanya hivyo wiki tatu. Wiki ya nne Perez alimfuata pale bombani akamuuliza kwa nini anafua uchafu wa mtu asiyemjua. Mama Naswa akamwambia ni kwa sababu ya Yesu, na akamweleza yaliyobaki huku wakikamua shuka, kila mmoja ameshika upande wake. Perez aliokoka hapo hapo, mikono ikiwa na povu.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa. Perez si alikuwa Mkristo tangu zamani? Alikuwa. Alibatizwa akiwa mtoto kwao Ahero, nchi ya Kano, akaimba kwaya, akafunga ndoa kanisani. Kwetu karibu kila mtu ni Mkristo. Ndiyo maana wageni hudhani kwamba huku hakuna anayeweza kuteswa kwa ajili ya imani. Hawajui kwamba atakayekutesa anaweza kuwa ameketi nawe benchi moja Jumapili, mkitumia kitabu kimoja cha nyimbo.

Owiti alifariki Septemba mwaka 2019. Tukamzika. Kisha yakaanza maneno ya tero.

Tero ni desturi ya kumrithi mjane. Mumeo akifa, ndugu yake anaingia nyumbani kwako na kulala nawe, ndipo uhesabiwe kuwa umetakasika. Kabla ya hapo hupandi mbegu shambani, huingii nyumba za watu. Ukivunja mwiko inakuja chira, laana inayowamaliza watu wa boma, mmoja mmoja, kwa kukonda. Siku hizi wengi huku wameiacha desturi hii. Boma letu lilikuwa halijaiacha. Aliyeisimamia ni Mzee Oketch, ndugu ya marehemu baba mkwe wetu. Pia alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyepitisha sahani ya sadaka.

Mzee Oketch alimchagua Okello, mume wangu.

Walipanga nyumbani kwangu, nikiwa ninawamiminia chai. Hakuna aliyeniuliza kitu. Okello aliangalia kikombe chake. Wageni walipoondoka nilimwuliza, "Na wewe unataka?" Akasema, "Ni desturi tu, Jacinta. Usiifanye kubwa." Nikakusanya vikombe. Badala ya kuwachukia waliopanga, nilianza kumchukia Perez.

Perez naye alikuwa anaogopa. Hilo sikulijua hadi baadaye. Biblia yake aliificha chini ya kitambaa cha kufunika cherehani. Alitamani kusema kwamba Kristo amekwisha kumtakasa na hahitaji mwanamume wa kufanya kazi hiyo, lakini kila alipowaona wazee wanaingia bomani aliahirisha. Kwa hiyo alitafuta visingizio. Kwanza alisema machungu hayajaisha. Kisha ikaja korona, mikutano ikapigwa marufuku, akapumua. Korona ilipolegea akasema ana presha, na daktari amemwambia apumzike.

"Nilimficha Yesu nyuma ya presha," aliniambia siku moja. Hakuwa akicheka.

Kilichomgeuza ni Debra.

Debra alikuwa mjane wa miaka ishirini na mitatu kutoka boma jirani. Mumewe alizama ziwani, mashua ilipopinduka. Alikuja dukani kwa Perez kupunguziwa gauni jeusi, maana alikuwa amekonda kwa kilio. Akasimama mbele ya kioo, Perez akimbana pini kiunoni.

"Dada Perez," Debra akasema, "wewe uliwaambia nini wakakuacha? Mimi wamenipangia Jumamosi."

Perez alikuwa na pini tatu mdomoni. Angeweza kuzitoa. Hakuzitoa. Alitikisa kichwa tu, kama mtu asiyeweza kuongea kwa sababu ya kazi. Debra akasubiri kidogo, kisha akashika mfuko wake akaenda zake. Jumamosi ikafika, wakamfanyia.

Ilipita kama miezi minane. Debra akarudi na gauni lingine. Alipotoa kitambaa mfukoni, kadi ya kliniki ikaanguka sakafuni, ile kadi ambayo kila mtu hapa anajua ni ya dawa za ukimwi. Perez akaiokota. Wakatazamana.

"Ni yule shemeji waliyekuletea?"

"Alikuwa anajua," Debra akasema. "Hakusema."

Perez akaketi sakafuni kabisa, kati ya vipande vya vitambaa. Akamweleza kila kitu: kwamba presha ilikuwa uongo, kwamba yeye amemkataa mwanamume kwa sababu ya Kristo ila hakuwa na ujasiri wa kulisema jina hilo kwa sauti, na kwamba siku ile ya pini alikuwa na jibu mdomoni akalimeza. Akamwomba msamaha.

Debra hakulia. Alisema, "Sikuhitaji unipiganie, dada. Nilihitaji tu kujua kwamba kuna mtu aliyekataa na bado anaishi."

Maneno hayo Perez hakuweza kuyaweka popote. Alimpigia simu Mama Naswa, akitegemea kubembelezwa. Mama Naswa hakumbembeleza.

"Unangoja hofu iishe ndipo useme?" aliuliza. "Mimi nimeokoka miaka ishirini na minane na bado ninatetemeka nikishuhudia sokoni. Sema ukitetemeka. Mungu hajasema mguu usitetemeke."

Februari mwaka 2022, wazee walipomwita tena, Perez alikuja mwenyewe, akiwa amevaa viatu vyake vya kanisa. Mkutano ulikuwa nyumbani kwangu. Nilikuwa na birika mkononi. Niliona magoti yake yanavyocheza chini ya sketi.

"Wazee wangu," alisema, "sina presha. Niliwadanganya. Nimeokoka. Nimemwamini Yesu Kristo na damu yake imenitakasa. Okello ni shemeji yangu na nitamheshimu kama shemeji hadi nife. Nyumbani kwangu haingii kulala."

Mzee Oketch akacheka. "Umeokoka? Na sisi hapa ni wapagani? Mimi nimekuwa kanisani kabla hujazaliwa, Nyar Kano." Ndivyo walivyomwita, binti wa Kano.

"Sijasema ninyi ni wapagani, Mzee. Ninasema ninavyoamini mimi."

"Basi amini kimyakimya, na ufanye desturi."

"Nimeamini kimyakimya miaka miwili na zaidi," Perez akasema. "Kimya changu kimemwumiza mtoto wa mtu. Sitanyamaza tena, na si kwenu tu. Nitamwambia kila mjane atakayeniuliza."

Kicheko kikakoma. Mzee Oketch akainuka taratibu. "Mtu yeyote akifa katika boma hili," alisema, "tutajua aliyemwua." Akatoka, na wenzake nyuma yake. Perez akabaki amesimama katikati ya chumba. Akanitazama. Nami nikajifanya ninatafuta kifuniko cha birika.

Yaliyofuata yalikuja haraka. Kwaya iliyokuwa imempa kazi ya kushona sare ikachukua vitambaa vyake. Watoto wakaambiwa wasinywe maji kwake. Watu wakaacha kumsalimia njiani, na mtu akapaka kinyesi cha ng'ombe mlango wa duka. Okello alinikataza kuzungumza naye, nami nikatii, tena kwa furaha kidogo. Nilipokutana naye kisimani niliinua ndoo kabla haijajaa.

Mvua zilipoanza, Perez alichukua jembe akapanda mahindi bila kumsubiri mtu, mchana, kila mtu akiona. Siku ya pili tukakuta mistari yote imefukuliwa. Akapanda tena. Ikafukuliwa tena. Mara ya tatu alipomaliza kupanda alileta kigoda, akakiweka katikati ya shamba, akafungua Biblia na kuisoma kwa Dholuo, lugha ya huku, kwa ile sauti yake ndogo, tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Akafanya hivyo siku nne. Vijana wakasimama kwenye ua, Tom mwana wa Mzee Oketch akiwa mbele yao na panga mkononi.

"Mama, toka humo shambani!" Tom alipiga kelele.

"Nikitoka mtafukua," Perez akamjibu bila kuinua macho. "Ingia uketi usikilize, au fukua nikiwapo, nione ni nani."

Hakuna aliyeingia. Mahindi yakaota.

Hapo ndipo alipoanzisha Alhamisi. Kila Alhamisi saa tisa alifunga cherehani, akapanga viti kwenye baraza ya duka, mahali pa wazi ambapo soko zima linapita, akawasomea wajane na kuomba nao. Nilimwuliza baadaye kwa nini hakufanyia ndani. Akasema amechoka na mambo ya kufunikwa na vitambaa. Alhamisi ya kwanza alikuja Debra peke yake. Wawili hao waliketi kati ya viti saba vitupu, watu wakipita na kucheka. Kufikia Juni walikuwa watano.

Agosti mama mkwe wetu akafa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na mguu wake ulikuwa umeoza. Aliyekuwa akimpeleka kliniki kabla ya ugomvi huu ni Perez. Baada ya ugomvi alikatazwa, na hakuna mwingine aliyempeleka. Lakini mwili haujatoka mochari, neno lilikuwa limekwisha kuenea: ni chira, Nyar Kano amemwua. Mzee Oketch akatuma ujumbe kwamba Perez akikanyaga matangani asilaumu mtu kwa litakalompata.

Alikuja. Alikuja siku yenyewe ya maziko, saa nne asubuhi, akipita katikati ya watu na gauni lake jeusi alilojishonea. Alipita mbele ya jeneza, akaweka mkono juu yake kidogo, kisha akaketi mstari wa wake wa boma, karibu nami. Wanawake wawili waliinuka wakahama. Mimi nilibaki. Nisijisifu, nilikosa tu pa kwenda.

Mazishi yetu yana hotuba. Kila upande husema: wajomba, mabinti, wakwe. Fabian, mfawidhi wa shughuli, alipowaita wake wa boma akanitaja mimi na kuliruka jina la Perez. Kabla sijainuka, Perez alikuwa amekwisha simama.

"Mimi ndiye mke wa mwana mkubwa wa nyumba hii," alisema. "Nitasema."

Tom akamfuata na kusimama mbele yake. "Mama, rudi ukae."

"Baba, nipishe nimzike mama yangu." Akampita pembeni. Fabian, kwa kuchanganyikiwa, akampa maikrofoni. Alipofungua mdomo tu, mtu akazima jenereta. Spika zikakata. Kule nyuma wakacheka.

Perez akaiweka maikrofoni mezani, akaanza kusema hivyo hivyo. Na kwa kuwa sauti yake ni ndogo, waliotaka kusikia wakaanza kuwanyamazisha wengine. Baada ya muda hema zima likawa kimya.

"Mama alikufa kwa sukari," alisema. "Kadi zake za kliniki ninazo, atakaye azisome. Sikumwua. Wala hamnifukuzi hapa kwa ajili ya mama. Mnanichukia kwa sababu nimekataa kurithiwa. Basi nisikieni mara moja, kwa mdomo wangu. Niliwaogopa ninyi kuliko Mungu. Nilimwacha Debra aingie motoni kwa sababu ya kuwaogopa. Yesu alikufa na kufufuka, na laana yoyote mnayoitaja ameibeba. Mwanamke aliyefiwa si uchafu. Mjane yeyote hapa anayetaka kukataa, mlango wangu uko wazi, na Bwana wangu atampokea kama alivyonipokea."

"Mnamwacha atumalize!" Mzee Oketch akapaza sauti. "Mtoeni!"

Tom akamsukuma. Perez akaangukia viti vya plastiki, kimoja kikavunjika na kumchana kiwiko. Damu ikashuka hadi vidoleni. Nikasikia mwanamke akipiga ukemi. Perez akasimama kwa kushikilia mguu wa meza, akavuta pumzi, akasema, "Sijamaliza."

Sijui ni nini kilinitokea. Labda ni ile damu, labda ni yale maneno mawili. Nilijikuta nimesimama kando yake, na leso yangu nimemfunga kiwikoni, na watu wote wa ukoo wa mume wangu wananitazama.

"Miaka mitatu mmekuwa mkipanga kumpeleka mume wangu kwa Perez," nilisema, "na hakuna aliyeniuliza mimi. Niulizeni leo."

Hawakuniuliza.

"Jibu langu ni hapana. Na haya anayoyasema juu ya Yesu, nami ninayaamini. Nilikuwa nayaimba tu. Mkimfukuza yeye, tufukuzeni wawili."

Debra akainuka kutoka nyuma ya hema. Kisha mjane mwingine, mama mzima wa miaka sitini aliyerithiwa mara mbili, akaja akitembea polepole na fimbo yake, akasimama nasi. Tukawa wanne. Tom alimtazama baba yake, lakini kumpiga bibi kizee mbele ya jeneza si jambo rahisi. Okello akatoka alipokuwa ameketi. Aliinama, akaondoa kile kiti kilichovunjika, akaweka kizima nyuma ya Perez ili aketi, kisha akatoka hemani bila kumtazama mtu.

Perez hakuketi. Alimaliza kusema.

Nisiseme kwamba siku ile ilimaliza mambo. Tulikula chakula cha matanga peke yetu, sisi wanne. Okello hakulala nyumbani wiki mbili, akawa kwa rafiki yake huko Dunga. Aliporudi alisema kitu kimoja tu: "Mimi pia sikutaka. Niliogopa kusema." Nilimkasirikia sana kwa maneno hayo, kisha nikakumbuka birika langu, nikampa chakula. Mzee Oketch bado hajamsalimia Perez hadi leo, na bado hupitisha sahani ya sadaka. Tom aliomba msamaha mbele ya naibu wa chifu kwa sababu ya kile kiwiko, kwa kulazimishwa, na naibu wa chifu akamwandikia Perez barua kwamba shamba ni lake. Sare za kwaya hazikurudi kamwe. Perez sasa hushona sare za shule.

Lakini katika boma letu hakuna aliyerithiwa tangu siku ile. Wamefiwa wawili, na wote wawili walipoitwa na wazee walijibu kwamba wao ni wa Alhamisi. Tumefika kumi na wanane. Ninaketi nao, kiti changu kiko karibu na mlango. Baraza haitutoshi tena, tunamwaga viti mpaka njiani na waendesha bodaboda wanatupigia honi.

Mwezi uliopita wajane wa upande wa ziwani walimwomba Perez aende kuzungumza nao. Siku mbili kabla, ujumbe ukaingia kwenye simu yake, namba isiyojulikana. Miwani yake ilikuwa imevunjika, akanipa nimsomee. Ulisema akifika huko atachapwa na arudishwe uchi. Nilimsomea mara mbili. Mkasi wake ukasimama katikati ya kitambaa alichokuwa anakata.

"Tuahirishe?" nikamwuliza.

Akakata mpaka mwisho wa mstari, akaweka mkasi chini.

"Wajibu hao," alisema. "Waambie tutafika saa nne. Na wapange viti vya kutosha."